Acuña au Olson, Senga au Strider? Kuchagua wachezaji bora wa Kanda ya Mashariki, msimu wa 2023

Ukitaka kujifunza kuchagua mchezaji bora wa besiboli bila kurubuniwa na namba, anza na msimu wa 2023 wa Kanda ya Mashariki ya Ligi ya Taifa huko Marekani. Kanda hii ina timu 5: Atlanta Braves, Philadelphia Phillies, Miami Marlins, New York Mets na Washington Nationals. Mwaka ule karibu kila tuzo ilikuwa na wagombea wawili au watatu wenye namba za kutisha. Mmoja alipiga homurani 54, mwingine akaiba besi 73, wa tatu akashinda mechi 20, na wa nne alimaliza na wastani wa kuaibisha lakini bado huwezi kumfuta kwenye orodha.

Sisi tunaofuatilia tukiwa Afrika Mashariki tuna tatizo la ziada. Mechi ikianza saa moja usiku Atlanta, Nairobi na Dar ni saa nane usiku. Wengi tunaamka asubuhi na kusoma namba za mechi ambayo hatukuiona. Na namba za besiboli ni nyingi mno. Kila shabiki ataokota ile inayombeba mtu wake. Kwa hiyo kabla ya kuuliza namba ni kubwa kiasi gani, mimi huuliza ni ya nani. Ameifanya mwenyewe, au ametengenezewa na wenzake?

Tuzo rasmi hazigawanywi kwa kanda. Ligi kuu ni mbili, ya Taifa na ya Marekani, na tuzo hutolewa kwa ligi nzima yenye timu 15, na kila tuzo hupigiwa kura na waandishi 30, wawili wawili kutoka kila mji wenye timu. Kura hukusanywa kabla mechi za mtoano hazijaanza. Kushusha tuzo hadi ngazi ya kanda ni mchezo wetu mashabiki, ila una faida yake: timu hizi 5 zilikutana mara 13 kila moja na mwenzake mwaka ule, kwa hiyo unalinganisha watu waliokabiliana mara nyingi.

Maneno machache kwa aliyezoea soka. Mrushaji humrushia mpira mpigaji. Mpigaji akiupiga salama hukimbilia besi, na akizunguka besi zote 4 timu yake inapata mkimbio mmoja. Mpira ukivuka uzio ni homurani. Aliyepiga anaingia pamoja na wote waliokuwa kwenye besi. Kuiba besi ni kukimbilia besi inayofuata bila kusubiri mwenzako apige. Straiki ni mpira mzuri ambao mpigaji ameukosa au ameuacha upite. Straiki tatu na umetoka. Mrushaji akikosea shabaha mara 4, mpigaji anapewa besi ya bure. Mechi ina ngwe 9, na katika kila ngwe kila timu hupiga hadi watu wake 3 watolewe. Wastani wa kupiga ni mipigo salama ukigawanya kwa majaribio, na besi za bure hazimo kwenye hesabu hiyo. Mwenye 0.300 ni mpigaji mzuri kweli.

Mchezaji bora: wawili wa nyumba moja

Wagombea wakuu wote walikuwa Braves, timu iliyoshinda mechi 104 na kupiga homurani 307, sawa na rekodi iliyowekwa na Minnesota Twins mwaka 2019.

Ronald Acuña Jr., Mvenezuela anayecheza uwanja wa kulia, alipiga kwa wastani wa 0.337, homurani 41, besi 73 za kuiba, na akakamilisha mkimbio mara 149. Matt Olson wa besi ya kwanza alipiga homurani 54, na mipigo yake ikaingiza mikimbio 139. Zote mbili ni rekodi za klabu: ile ya homurani ilikuwa ya Andruw Jones aliyepiga 51 mwaka 2005, na ile ya mikimbio, kwa zama hizi, ilikuwa ya Eddie Mathews, 135, tangu mwaka 1953. Tena Olson hakukosa mechi hata moja kati ya 162.

Shabiki wa soka atamkimbilia Olson, maana ndiye mfungaji. Sasa uliza swali letu. Homurani 54 ni zake, hakuna wa kumnyang'anya. Lakini mikimbio 139 inahitaji mtu awe tayari kwenye besi, na Olson alipiga nyuma ya Acuña msimu mzima. Acuña alifika kwenye besi katika asilimia 41.6 ya zamu zake za kupiga, kiwango cha juu kuliko mtu yeyote kwenye Ligi ya Taifa. Akishafika ya kwanza, anaiba ya pili. Hapo Olson hahitaji homurani. Mpigo mmoja wa kawaida unatosha kumrudisha mwenzake nyumbani na kujiongezea mkimbio kwenye jina lake. Sehemu ya 139 ile ni miguu ya Acuña. Na Acuña mwenyewe, anayeanza safu ya wapigaji na ambaye mara nyingi hukuta besi tupu, aliingiza mikimbio 106.

Upande wa Olson wana hoja moja nzuri. Mwaka 2023 sheria zilibadilika. Mito ya besi iliongezwa ukubwa kutoka sentimita 38 hadi 46 kila upande, na mrushaji akawekewa kikomo: mara mbili tu kwa kila mpigaji anaweza kuachana na urushaji ili kumtishia aliye kwenye besi. Besi za kuiba katika ligi zote mbili zikaruka kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503. Kwa hiyo ile 73 imepandishwa na sheria kiasi fulani, nakubali. Ila sheria ilikuwa ya wote, na aliyemfuata kwenye kanda hii, CJ Abrams wa Nationals, aliiba 47. Pia waliowahi kufikisha homurani 40 na besi 40 kwa msimu mmoja kabla yake walikuwa wanne tu: José Canseco 1988, Barry Bonds 1996, Alex Rodriguez 1998 na Alfonso Soriano 2006. Hakuna aliyekaribia 70 katika hao.

Namba ya Acuña ninayoipenda kuliko zote haikutangazwa sana. Mwaka 2022, akiwa ndiyo kwanza anarudi kutoka jeraha la kano ya goti, alitolewa kwa straiki tatu mara 126 katika mechi 119. Mwaka 2023 alicheza mechi 159 na kutolewa hivyo mara 84. Hiyo haina mchango wa mwenzake wala wa mto wa besi. Ni mtu aliyekaa chini akajifunza upya kuuangalia mpira, bila kupoteza nguvu.

(Na kuna usiku wa 31 Agosti. Alifunga ndoa Los Angeles, jioni akaenda uwanjani akawapiga Dodgers homurani besi zote zikiwa zimejaa. Ilikuwa ya 30 msimu huo, na tayari alishaiba besi zaidi ya 60. Haihesabiwi popote kwenye tuzo, lakini huwezi kuinyamazia.)

Waandishi wote 30 walimweka Acuña nafasi ya kwanza. Olson akawa wa 4 kwenye ligi, nyuma ya Mookie Betts na Freddie Freeman wa Dodgers. Kwa kanda yetu, chagua Acuña. Chagua Olson kama unaamini kwamba kutokosa mechi hata moja na kupiga mbali kuliko wote ni vitu viwili visivyonunuliwa kwa kasi ya miguu. Si msimamo wa kipuuzi. Wa tatu, mimi namweka Francisco Lindor wa Mets, homurani 31 na besi 31 akicheza kati ya besi ya pili na ya tatu, nafasi ngumu kuliko nyingi. Alisahaulika kwa sababu timu yake ilizama. Mwenzake Pete Alonso alikuwa na homurani 46 na mikimbio 118, lakini kwa wastani wa 0.217 na kwenye besi ya kwanza, ambako kazi ya ulinzi ni nyepesi.

Mrushaji bora: hapa ndipo ugomvi ulipo

Watu watatu. Tazama namba zao kabla sijasema neno.

| | Spencer Strider (Braves) | Zack Wheeler (Phillies) | Kodai Senga (Mets) |
|---|---|---|---|
| Mechi alizoanza | 32 | 32 | 29 |
| Ushindi na kushindwa | 20–5 | 13–6 | 12–7 |
| Ngwe | 186 na theluthi 2 | 192 | 166 na theluthi 1 |
| Aliowatoa kwa straiki tatu | 281 | 212 | 202 |
| Besi za bure alizotoa | 58 | 39 | 77 |
| Wastani wa mikimbio aliyoruhusu kwa ngwe 9 | 3.86 | 3.61 | 2.98 |

Jicho la kwanza linakwenda kwa Strider. Ushindi 20! Ndiyo namba ya kwanza kuitupa. Mrushaji huandikiwa ushindi timu yake ikiwa mbele alipokuwa uwanjani, na Braves walifunga mikimbio 947 msimu ule, karibu 6 kwa kila mechi. Mrushaji anayefungiwa na wenzake mikimbio 6 kila siku anaweza kuruhusu 4 na bado akarudi nyumbani na ushindi. Namba ile ni ya Acuña na Olson kuliko yake.

Lakini 281 ni yake mtupu. Straiki tatu hazihitaji mlinzi. Ni mrushaji, mdakaji anayeupokea mpira nyuma ya mpigaji, na mpigaji aliyebaki anauangalia mpira umpite. John Smoltz alikuwa ameshikilia rekodi ya Braves ya zama hizi, 276, tangu mwaka 1996, na Strider aliivunja. Mtu akimchagua kwa sababu hiyo, namheshimu. Akimchagua kwa 20–5, hajachagua mrushaji, amechagua wapigaji wa Atlanta.

Wheeler ni aina ya mrushaji ambaye hukusanyi watu kumtazama. Ngwe nyingi kuliko wenzake hawa, besi za bure chache kuliko wote, na Philadelphia ni uwanja ambao mpira huvuka uzio kirahisi. Pia alichukua glavu ya dhahabu ya warushaji, tuzo ya ulinzi bora, mwaka ule. Alikuwa mchezaji pekee wa kanda hii nzima kupata glavu ya dhahabu ya Ligi ya Taifa. Kama unanipa mechi moja ya lazima na mrushaji mmoja kati ya hawa watatu, namchukua Wheeler bila kufikiri.

Swali la tuzo, hata hivyo, ni nani alizuia mikimbio zaidi mwaka 2023, na hapo hesabu inakwenda kwa Senga. Geuza ule wastani ulio kwenye mstari wa mwisho wa jedwali kuwa mikimbio yenyewe. Hii ni mikimbio ya halali tu, isiyotokana na makosa ya walinzi. Strider aliruhusu 80. Wheeler aliruhusu 77. Senga aliruhusu 55.

Utasema Senga alirusha ngwe chache, na ni kweli. Mets walimpa mapumziko marefu kuliko kawaida ya Marekani, kwa kuwa Japani alizoea kurusha takriban mara moja kwa wiki. Basi mpe pengo hilo mtu mwingine alijaze. Kati yake na Wheeler kuna ngwe 25 na theluthi 2, na tofauti ya mikimbio 22. Ili wawili hawa wawe sawa, aliyejaza pengo la Senga angepaswa kuruhusu mikimbio 22 katika ngwe zisizofika 26. Huo ni wastani wa 7.7, wa mrushaji anayerudishwa ligi ndogo kesho yake asubuhi. Kati yake na Strider ni ngwe 20 na ushei, tofauti mikimbio 25. Hapo mbadala angekuwa na wastani wa 11. Hata timu mbovu haimrushi mtu wa namna hiyo.

Dhidi ya Senga kuna vitu viwili. Besi 77 za bure ni nyingi, na ulikuwa ukimtazama moyo mkononi: besi mbili zimejaa, halafu anatoa ule mpira wake wa uma ambao kwenye glavu yake ameuchorea mzimu. Mpira unakuja kama wa kawaida, unafika mbele ya mpigaji, unadondoka kama umekatwa kamba. Pili, uwanja wa Mets huwasaidia warushaji. Ukipunguza sehemu ya sifa zake kwa ajili ya uwanja, pengo lake na Wheeler linapungua, ila sioni likiisha.

Waandishi waliwapanga kinyume changu. Katika tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi nzima, iliyokwenda kwa Blake Snell wa San Diego, Strider alikuwa wa 4, Wheeler wa 6, Senga wa 7. Mimi nabaki na Senga, Wheeler wa pili.

Max Fried wa Braves alikuwa na wastani wa 2.55, bora kuliko wote hapo juu, lakini alianza mechi 14 tu. Huyo huwezi kumpa. Kuna kiwango ambacho chini yake ubora haukutoshi.

Mpigaji bora: 0.354 dhidi ya 0.197

Hii tuzo haipo rasmi kwa jina hili, lakini naiweka kwa sababu ya ulinganisho mmoja ambao kila anayeanza besiboli anapaswa kuufanya walau mara moja.

Luis Arraez wa Marlins aliongoza Ligi ya Taifa kwa wastani wa 0.354. Ndani ya Juni alikuwa bado juu ya 0.400, kitu ambacho katika ligi hizi mbili hakuna aliyekimaliza nacho msimu tangu Ted Williams mwaka 1941. Mwaka uliotangulia, akiwa Minnesota, aliongoza ligi ile nyingine kwa 0.316. Alitolewa kwa straiki tatu mara 34 tu mwaka mzima.

Kyle Schwarber wa Phillies alimaliza na 0.197. Alitolewa kwa straiki tatu mara 215. Ukisoma hapo ukaacha, utadhani ni mtu wa kukalishwa benchi.

Sasa hesabu mara walizofika kwenye besi. Arraez: mipigo salama 203, besi za bure 35, jumla 238. Schwarber: mipigo salama 115, besi za bure 126, jumla 241. Mtu wa 0.197 alifika kwenye besi mara nyingi zaidi! Na alipoupiga aliupeleka mbali: homurani 47 dhidi ya 10. Hata kipimo cha nguvu ya mpigo, kinachohesabu besi kwa kila jaribio, kiliwapa karibu sawa: 0.474 kwa Schwarber, 0.469 kwa Arraez.

Usifanye haraka kumpa Schwarber kwa furaha ya kuugundua mchezo huo. Alipata zamu 720 za kupiga dhidi ya 617 za Arraez, yaani nafasi zaidi ya 100 za ziada. Ukilinganisha kwa zamu, Arraez alifika kwenye besi asilimia 39.3, Schwarber 34.3. Kwa hiyo Arraez ni bora, nampa, lakini kwa pengo dogo kuliko lile ambalo wastani wa kupiga unapiga nalo kelele. Na kwa mikimbio iliyoletwa timu, 104 za Schwarber zina uzito wake.

Mchezaji mpya wa mwaka

Nitapita haraka. Senga, kwa mara nyingine. Sheria inamtambua kuwa mpya yeyote aliyeingia msimu akiwa hajazidisha ngwe 50 au majaribio 130 kwenye ligi kuu za Marekani, na Senga hakuwa na hata moja. Wapo wanaoona si haki: alikuwa na miaka 30, ametoka Fukuoka SoftBank Hawks akiwa nyota, na Mets walimpa mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 75. Ni hoja inayoeleweka, lakini ni ya kuipeleka kwa waliotunga sheria. Katika ligi nzima alikuwa wa pili nyuma ya Corbin Carroll wa Arizona.

Ukisisitiza kijana, basi una wawili. Francisco Álvarez wa Mets, mdakaji wa miaka 21, homurani 25, wastani 0.209. Eury Pérez wa Marlins, mrushaji aliyeanza Mei akiwa na miaka 20 na kumaliza na 3.15 katika ngwe 91 na theluthi 1. Klabu ilimpumzisha katikati ya msimu kuulinda mkono wake. Mimi ningemchukua Álvarez, kwa sababu mdakaji hubeba mzigo usioonekana kwenye jedwali: ndiye anayeelekeza mpira gani urushwe, mechi baada ya mechi.

Je, mtu mmoja anaweza kuchukua tuzo ya urushaji na ya upya kwa pamoja? Fernando Valenzuela wa Dodgers alifanya hivyo mwaka 1981. Kwa hiyo usimnyime Senga moja kwa kumwonea huruma mwingine.

Meneja bora

Tuzo rasmi ya ligi ilikwenda kwa Skip Schumaker wa Marlins. Mwaka wake wa kwanza kazini, timu iliyoshinda 69 mwaka 2022 ikashinda 84 na kuingia mtoano, tena mrushaji wao mkuu Sandy Alcantara, mshindi wa Cy Young mwaka uliotangulia, akianguka hadi ushindi 7 na kushindwa 12 kabla mkono haujamtoa kabisa Septemba.

Inavutia. Sasa fungua kifuniko. Marlins walifunga mikimbio 666 na kufungwa 723. Timu iliyozidiwa mikimbio 57 kwa kawaida hushinda mechi 75 hivi. Walifikia 84 kwa sababu katika mechi zilizoamuliwa kwa mkimbio mmoja walishinda 33 na kupoteza 14. Hiyo 33–14 ni ya nani? Sehemu ni ya meneja: mrushaji A.J. Puk alipoyumba, kazi ya kurusha ngwe ya mwisho alipewa Tanner Scott, na uamuzi ule ulilipa. Sehemu ni ya Scott mwenyewe. Sehemu ni ya Kim Ng, mkuu wa masuala ya wachezaji, aliyemleta Arraez Januari na kuwaleta Josh Bell na Jake Burger tarehe 1 Agosti. Na sehemu, tuseme tu ukweli, ni bahati. Mwaka 2024 Marlins walipoteza mechi 100. Usitumie hilo kumnyang'anya tuzo, maana kura ya 2023 ni ya 2023, ila linakuonyesha mechi za mkimbio mmoja zilivyo kigeugeu.

Brian Snitker wa Braves alishinda 104. Ni rahisi kusema mtu yeyote angeshinda na kikosi kile, na ni uonevu kidogo. Vikosi vyenye vipaji huvurugika kila mwaka. Mets ni ushahidi. Walianza msimu na mishahara mikubwa kuliko timu yoyote iliyowahi kuwapo, zaidi ya dola milioni 300, wakawauza Max Scherzer na Justin Verlander wakati wa kiangazi, wakamaliza 75–87. Buck Showalter, meneja bora wa ligi mwaka 2022, akapoteza kazi. Davey Martinez wa Nationals aliongeza ushindi 16 juu ya mwaka uliotangulia, mmoja zaidi ya Schumaker, na sikusikia mtu akimtaja, kwa sababu 71–91 haiingii magazetini.

Kura yangu ni ya Rob Thomson wa Phillies, waliomaliza 90–72. Kwa meneja, swali la namba ni ya nani hubadilika kuwa: uamuzi upi ulionekana kwa macho kuwa ni wake? Rhys Hoskins, mtu wao wa besi ya kwanza, aliumia goti Machi kabla msimu haujaanza. Bryce Harper alirudi uwanjani tarehe 2 Mei, siku 160 baada ya upasuaji wa kiwiko, haruhusiwi kurusha mpira mbali. Kufikia 21 Julai Thomson alikuwa amemsimamisha besi ya kwanza, nafasi ambayo Harper hakuwa ameichezea katika ligi kuu. Na Schwarber, yule wa 0.197, Thomson alimweka aanze safu, mahali pa kitamaduni pa mtu mwepesi wa miguu na wastani mzuri. Alidhihakiwa. Yeye alitazama zile besi 126 za bure akatulia.

Usiiruhusu Oktoba iingie

Baada ya msimu, Phillies waliwatoa Marlins mechi 2 kwa 0, kisha wakawatoa Braves 3 kwa 1. Timu ya mikimbio 947 ikakosa pumzi ndani ya siku chache. Katika mechi ya tatu, Harper, akiwa na hasira kwa maneno yaliyoripotiwa kusemwa na Orlando Arcia wa Braves kwenye chumba cha kubadilishia nguo, alipiga homurani mbili, na kila alipozunguka besi alimkodolea Arcia macho. Video ile ilifika kila simu.

Ukipiga kura zako mwezi Novemba, kama vikundi vingi vya mashabiki hufanya, utamkuta Harper amepanda kwenye orodha bila kujua amepandaje. Msimu wa kawaida alipiga homurani 21. Andika majina yako siku ya mwisho ya msimu wa kawaida, weka tarehe, na mechi za mtoano ziwe na kura yake tofauti.